Kabla ya Kuchora Nyumba, Tafuta Jicho

Bibi mmoja wa Malindi, hapa Unguja, aliniletea picha ya nyumba ya baba yake. Ilikuwa picha ndogo ya zamani, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeshalika, na nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: 1958. Nyumba yenyewe haipo tena. Alitaka niichore kubwa, aitundike ukumbini kwa mwanawe. Nilimwomba wiki mbili. Siku nilipompelekea, aliushika mchoro kwa muda, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mlango ndio wenyewe, na hilo dirisha la juu ndilo alilokuwa akikaa mama. Lakini mbona nyumba inateleza?"

Alisema kweli. Misumari ya shaba ya ule mlango niliihesabu mmoja mmoja. Nakshi za kizingiti nilizitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila kitu kilikuwapo, na hakuna kilichokaa mahali pake. Baraza lilikuwa likielekea upande mmoja, madirisha upande mwingine, na paa lilikuwa kama limewekwa na mtu aliyekuwa akitazama nyumba nyingine kabisa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sikumwona hata mara moja akipandisha safu ya pili ya mawe kabla ya kuvuta uzi na kuning'iniza timazi. Mimi, mwanawe, nilikuwa nimejenga nyumba nzima kwenye karatasi bila uzi wowote. Nilirudi na mchoro nyumbani, na tangu siku hiyo sijachora jengo lolote kutoka kwenye picha kabla ya kuvuta uzi wangu kwanza. Ninataka kueleza namna ninavyouvuta, kwa sababu vijana wengi wanaochora kutoka kwenye picha za simu wanakwama pale pale nilipokwama mimi.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu ameliona. Simama katikati ya njia ya reli iliyonyooka, utazame mbali. Unajua kwamba vyuma viwili havikaribiani, la sivyo garimoshi lingeanguka. Lakini jicho linaviona vikisogeleana mpaka vinakutana. Pale vinapokutana wachoraji tunapaita nukta ya kutoweka. Na ukiinua kiganja ukakiweka usawa wa macho, utaona kwamba nukta hiyo haiko juu ya kiganja wala chini yake. Iko usawa wa macho yako kabisa, kwenye mstari ambao Kiswahili kimeupa jina lake zamani: upeo wa macho. Sijui kama wengi wetu huyasikiliza maneno hayo matatu tunapoyatamka. Upeo ni wa macho, si wa nchi wala wa bahari. Ukikaa chini, unashuka nawe. Ukipanda mnara, unapanda nawe.

Sisi watu wa pwani tuna bahati hapa, maana bahari inatuonyesha mstari huo bila kuficha. Nenda ufukweni ukae kwenye mchanga, uangalie ngalawa iliyotia nanga karibu. Mstari wa bahari utaikata chini, karibu na ubavu wake. Simama, na mstari utapanda. Panda juu ya dari la nyumba ya ghorofa tatu, na bahari yote itakuwa imenyanyuka pamoja nawe, ngalawa nzima sasa imelala chini ya upeo. Chombo hakikusogea. Lililosogea ni jicho.

Aliyelifikiria jambo hili kwa kina mapema alikuwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11. Wengi kabla yake waliamini kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye, katika Kitab al-Manazir, alieleza kwamba ni mwanga unaotoka kwenye vitu, ukisafiri kwa mistari iliyonyooka, na kuingia jichoni. Kitabu chake kikafasiriwa kwa Kilatini na kusomwa sana Ulaya. Na hapo ndipo ilipo siri ya picha: ikiwa mistari yote hiyo inakuja kukutana kwenye jicho moja, basi picha ni kama pazia lililokatiza njia ya mistari hiyo kabla haijafika. Kila picha, iwe ya simu au ya studio, ina jicho lake, lililosimama mahali pamoja, kwa kimo kimoja, likitazama upande mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya 15, mjini Florence, msanifu Filippo Brunelleschi alilithibitisha hilo kwa njia ninayoipenda sana. Alichora ubaoni jengo la kubatizia la San Giovanni kama linavyoonekana kutoka mlangoni mwa kanisa kuu, kisha akatoboa tundu kwenye ubao. Mtazamaji alisimama nyuma ya ubao, akachungulia tunduni, huku mbele yake kimewekwa kioo cha kujitazamia. Akauona mchoro kwenye kioo, na ulilingana na jengo lenyewe. Tundu lile ndilo somo lote. Brunelleschi hakumruhusu mtu atazame kutoka popote, aliliweka jicho lake pale pale mchoro ulipolitaka. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaiandika kanuni hiyo kitabuni, na wachoraji waliofuata wakaitendea kazi kwa misumari na nyuzi. Kwenye ukuta wa Santa Maria delle Grazie mjini Milan, ambako Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho kati ya 1495 na 1498, lipo tundu dogo kwenye panja la Yesu. Ndipo msumari ulipopigwa, na kutoka hapo mistari ya dari na kuta ikavutwa. Baba yangu angemwelewa Leonardo bila mkalimani.

Basi unapoletewa picha, usikimbilie mlango wala nakshi. Uliza kwanza: jicho lilikuwa wapi?

Mimi huichapisha picha kwenye karatasi ya A4, nikaifunika kwa plastiki nyepesi, ile ya kufunikia madaftari ya skuli, na kuchora mistari juu ya plastiki kwa kalamu inayoshika. Hivyo picha ya mwenyewe haiharibiki, na nikikosea nafuta kwa kitambaa chenye spiriti.

Kama bahari inaonekana pichani, kazi ya kwanza imekwisha: chora mstari juu ya ukingo wake na umepata upeo. Kama haionekani, tazama watu. Hii ni njia ambayo haijanidanganya bado. Kwenye uwanda ulio sawa, upeo wa macho huwakata watu wazima wote waliosimama mahali pamoja miilini mwao, walio karibu na walio mbali. Mpiga picha aliyesimama na kamera usoni atakuwa amewakata wote karibu na macho. Aliyechuchumaa atawakata kiunoni, hata yule mdogo kama punje kule mwisho wa mtaa. Ukiona vichwa vya walio karibu viko chini, na vya walio mbali vinapanda juu kidogo kidogo, jua kwamba picha ilipigwa kutoka juu, dirishani au darini, na upeo uko juu ya vichwa vyao wote.

Kisha ndiyo majengo. Chukua picha yoyote ya Beit al-Ajaib ya zamani, iliyopigwa kutoka barabara ya Mizingani, bahari upande mmoja na jengo upande wa pili. Nyumba ile aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883 ni darasa zima la mchoraji, kwa sababu ilizungukwa na varanda za ghorofa juu ya ghorofa, zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma, na kila varanda ilikuwa na ukingo ulionyooka. Weka rula juu ya ukingo wa paa, chora mstari, uuendeleze mpaka nje ya jengo. Utaona unashuka. Weka kwenye varanda ya chini yake: unashuka pia, lakini kwa upole zaidi. Sasa weka kwenye msingi, chini ya miguu ya wapita njia: huu unapanda. Mistari yote mitatu inakimbilia mahali pamoja, na mahali hapo pako kwenye usawa ule ule wa upeo wa bahari. Kilicho juu ya macho hushuka kuufuata upeo, kilicho chini ya macho hupanda kuufuata, na kilicho sawa na macho hubaki kimelala kama maji ndani ya pima maji. Ukilishika hilo, utaweza kukosoa michoro yako mwenyewe bila mwalimu.

Hapa niseme neno juu ya usahihi. Usitafute nukta kwa mistari mifupi. Kizingiti cha dirisha chenye urefu wa sentimita 3 pichani, ukikosea kwa milimita moja tu, kosa hilo litakuwa sentimita 2 ukifika umbali wa sentimita 60. Tumia mistari mirefu kuliko yote: paa, varanda, msingi, safu ndefu ya madirisha. Vuta angalau mitatu, na minne ni bora. Haitakutana kwenye ncha ya sindano, maana nyumba za chokaa zimejengwa kwa mikono na zimekaa miaka mingi. Itakutana kwenye kijieneo chenye ukubwa wa punje ya mahindi, nawe chagua katikati yake.

Upande wa pili wa jengo, ule uliogeukia mtaa mwingine, una nukta yake mwenyewe, upande mwingine wa karatasi. Lakini nukta hiyo nayo iko kwenye upeo ule ule. Hilo ndilo lililowashinda wengi niliowafundisha: wanaweka nukta ya kushoto juu na ya kulia chini, na jengo linapinda. Jicho ni moja, kwa hiyo upeo ni mmoja. Nukta zinaweza kuwa nyingi.

Na Mji Mkongwe ni mji wa nukta nyingi. Vichochoro vya Hurumzi au Sokomuhogo havikupimwa kwa rula. Ukuta wa kushoto unaelekea huku, wa kulia umejipinda, unaofuata umechomoza nusu hatua. Kila ukuta hukimbilia nukta yake, na zote zimejipanga kwenye upeo mmoja kama ndege kwenye waya wa umeme. Tazama pia mlango wa mbao wenye mbawa mbili. Ubawa uliofungwa unafuata nukta ya ukuta. Ubawa uliofunguliwa nusu umegeukia kwingine, kwa hiyo una nukta yake peke yake, lakini ukingo wake wa juu na wa chini, ukiendelezwa, bado utakutana kwenye upeo ule ule. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwa rula nilikaa kimya kwa dakika kadhaa. Lililo nje ya sheria hii ni lile lisilolala sawa: barabara ya mlimani, ngazi, paa la mgongo wa tembo. Hayo nukta zake hupanda juu ya upeo au hushuka chini yake, kwa kadiri ya mwinamo.

Tatizo linalokuja baada ya hapo ni la nafasi. Nukta mara nyingi haiko ndani ya karatasi. Inaweza kuwa sentimita 70 nje ya ukingo. Mimi hutandika mkeka, nabandika magazeti kushoto na kulia kwa picha, nachoma pini kwenye nukta juu ya kibao, na kufunga mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba wa nailoni. Mshipi haunyumbuki hovyo na hauachi nyuzinyuzi. Nauvuta juu ya karatasi, naweka alama mbili za penseli, naunganisha kwa rula. Chumba kikiwa hakitoshi, kuna njia nyingine. Chukua pembe ya jengo iliyo karibu nawe, ugawe sehemu yake iliyo juu ya upeo mara nne sawasawa, na iliyo chini ya upeo vivyo hivyo. Nenda kwenye ukingo wa mbali wa ukuta ule ule, ambao tayari umeupata kutoka pichani, ugawe nao mara nne juu na nne chini. Unganisha alama ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Mistari yako yote itaelekea kwenye nukta ambayo hukulazimika kuifikia.

Nguzo za varanda ndizo zinazoonyesha nani anajua na nani anakisia. Zimepangwa kwa nafasi sawa, lakini pichani nafasi hizo zinazidi kubana kadiri zinavyokwenda mbali, na mkono hauwezi kukisia ubanaji huo. Chora nguzo ya kwanza na ya pili kama zilivyo pichani. Tafuta katikati ya nguzo ya pili. Sasa vuta mstari kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza, upite katikati ya nguzo ya pili, ushuke mpaka sakafuni. Pale unapogusa mstari wa sakafu ndipo inaposimama nguzo ya tatu. Rudia kwa ya nne, ya tano, hata ufike mwisho, halafu ulinganishe na picha. Mimi bado hufurahi kila mara nguzo ya mwisho inapokaa mahali pake.

Simu zina hila zake. Lile jicho pana kabisa, linaloingiza mtaa mzima ukiwa umesimama mlangoni, hunyoosha vitu vya pembeni na wakati mwingine hupinda mistari iliyo karibu na ukingo. Ukiweka rula juu ya ukingo wa ukuta na katikati pakaachana na rula, usiitumie sehemu hiyo kutafuta nukta. Ni bora kurudi nyuma hatua kumi na kutumia kamera ya kawaida. Wengine hudhani kukuza picha hubadilisha mistari. Hapana. Kukuza hukata kingo tu. Kinachobadilisha mistari ni miguu ya mpiga picha.

Na ukiinua simu juu ili mnara uingie, kuta zitaanza kuegemeana kuelekea angani. Hiyo ni nukta ya tatu, na upeo wako utakuwa umeshuka chini ya katikati ya picha. Wapiga picha wa zamani waliokuwa na studio hapa Unguja, kama A. C. Gomes katika karne ya 19, walitumia kamera kubwa za miguu mitatu, na kamera za aina hiyo huweza kunyanyua lenzi bila kuinamisha mwili wa kamera. Ndiyo maana katika picha nyingi za enzi hizo majengo yamesimama wima kama yameshikwa na timazi. Kwa picha za simu, mimi huzinyoosha kuta ninapochora nyumba ya mtu, kwa sababu mwenye nyumba anaikumbuka ikiwa imesimama. Lakini mnara wa msikiti uliotazamwa kutoka chini kabisa huuacha uegemee, maana huko kuegemea ndiko kunakomrudisha mtazamaji kwenye shingo iliyoinuka.

Nisieleweke kwamba mchoro usiofuata upeo ni mchoro mbovu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, hakuwa na haja ya nukta ya kutoweka, na chui wake wametulia kwenye mbao zao kwa amani kuliko chui wengi waliopimwa kwa rula. Mchoro wa aina ile haudai kusimama mahali pa mpiga picha. Wangu mimi ulidai, na bibi akaona mara moja kwamba unasema uongo.

Nilipoiweka plastiki juu ya picha yake, sikuwa na bahari ya kunisaidia. Nilikuwa na watoto wawili wamekaa barazani na mwanamume mmoja amesimama mbali, kona ya mtaa. Kichwa cha mwanamume kilikuwa juu kuliko vya watoto kwa kiasi ambacho urefu wake peke yake haukuweza kukieleza. Nikavuta mistari ya madirisha. Ya ghorofa ya kwanza yalilala sawa kabisa, hayakupanda wala kushuka. Upeo ulikuwa pale. Aliyepiga picha hakusimama mtaani. Alikuwa juu, dirishani mwa nyumba ya mbele. Mimi nilikuwa nimechora mlango na baraza kama mtu aliyesimama chini, na madirisha kama mtu aliyesimama juu, kwa sababu mkono wangu ulizoea kuona milango kutoka mtaani.

Nilichora upya kwa siku tatu. Nilipompelekea mara ya pili nilimwuliza nani alikuwa akikaa nyumba ya mbele. Alifikiri kidogo, akasema, "Mjomba wangu, kaka yake mama. Ndiye aliyekuwa na kamera." Akakaa na mchoro mapajani mpaka adhana ya alasiri.

Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walipoteza maisha. Nyumba nyingine za mawe, zisizo na jina kubwa, hushuka kimya kimya masika baada ya masika. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: nyumba ya wazee wako kama ingali imesimama, nenda ukaipige picha wiki hii. Simama pembeni ili kuta mbili zionekane. Ishike simu wima, usawa wa macho, bila kuiinua wala kuiinamisha. Mwambie mtu asimame mlangoni na mwingine mwisho wa ukuta. Ichapishe, na nyuma yake uandike kwa penseli mwaka, jina la mpiga picha, na mahali aliposimama.